Kuilinda mashine ya boti isiliwe na chumvi: mwongozo kamili kwa nahodha, tajiri wa chombo na fundi

Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea mashine ya kupachika ya farasi 40 juu ya mkokoteni. Alitaka nimbadilishie impela ya pampu ya maji, lile gurudumu la raba linalosukuma maji ya kupozea, kazi ambayo kwa mashine iliyotunzwa haichukui muda mrefu. Nikaweka spana kwenye bolti ya kwanza ya mguu, yaani ile sehemu ya chini inayoingia majini na kubeba propela. Haikutikisika. Nikapasha moto, nikagonga, nikamwagia mafuta ya kulegeza kutu, nikaiacha mpaka adhuhuri. Iliposogea, ilisogea kwa ule ulaini ambao kila fundi anauogopa: kichwa kimebaki ndani ya spana, mwili wa bolti umebaki ndani ya alumini. Kufikia magharibi zilikuwa zimekatika tatu. Mguu ulipotoka hatimaye, tundu za bolti zilikuwa zimejaa unga mweupe, mgumu kama chokaa iliyokauka ukutani.

Mashine ile ilikuwa na miaka miwili tu. Silinda zake zilikuwa nzuri, gia zake hazikuwa na hata jino moja lililolika. Kazi haikuichosha. Iliharibika ikiwa imepumzika, usiku baada ya usiku, kwa sababu kila ilipotoka baharini ililala na chumvi yake mwilini.

Kwa wavuvi wengi wa pwani yetu, mashine ndiyo mali ghali kuliko zote zilizomo chomboni, na mara nyingi imenunuliwa kwa mkopo. Wazee wetu walipaka jahazi deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) chini na sifa (mafuta ya papa) juu kabla mbao hazijaanza kuliwa, hawakungoja zitoboke. Mashine nayo inataka matunzo ya namna hiyo hiyo, na sehemu kubwa yake haihitaji fundi. Nitaeleza kwa mpangilio wa siku zenyewe: ukifika pwani, ukipumzika mbalamwezi, ukifungua mguu, na ukiiweka stoo.

Kwanza, ujue kinachoila

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakibaki kwenye njia za kupozea za mashine, yanakauka na kuacha chumvi ile pale pale. Kesho yake yanaingia mengine, yanaacha nyingine. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo hata mashine ikiwa nchi kavu, ndani yake kuna maji chumvi makali kuliko ya baharini. Njia zinaanza kuziba, mashine inachemka, na alumini inaliwa kutoka ndani ambako jicho halifiki.

Mlaji wa pili ni mkutano wa vyuma viwili. Mguu wa mashine ni wa alumini. Shafti ya propela na bolti nyingi ni za stenlesi. Vyuma viwili tofauti vikigusana ndani ya maji chumvi, vinakuwa kama betri ndogo: umeme unapita kati yao, na kile kilicho dhaifu kinaliwa. Kati ya stenlesi na alumini, anayeliwa siku zote ni alumini. Ndiyo maana bolti yenyewe unaikuta inang'aa huku tundu lake limegeuka unga.

Dawa ya ugonjwa huu ilijulikana zamani. Mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alipendekeza kufunga vipande vya zinki au chuma kwenye mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya merikebu za kivita, ili viliwe wao badala ya shaba. Kipande cha namna hiyo ndicho anodi. Mafundi wetu huita zinki, hata pale kilipotengenezwa kwa alumini, na mimi nitaita hivyo hivyo.

Mlaji wa tatu ni umeme wa betri unaovuja. Huyu ni wa hatari kuliko wote, nitamrudia.

Robo saa baada ya kufika pwani

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote kwenye mwongozo huu. Ukiifanya kila safari na ukasahau mengine nusu, bado mashine yako itaishi. Ukiyafanya mengine yote ukaiacha hii, unapoteza fedha.

Unahitaji maji yasiyo na chumvi, na hapa wengi hukosea. Visima vingi vya karibu na bahari, hasa visiwani, maji yake yana chumvichumvi. Onja kwanza. Kama ulimi unasikia chumvi, mashine nayo itaisikia. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa hiyo ukiwa na bati na pipa, kinga ya masika uyatunze kwa kazi hii. Kama huna kabisa, maji ya kisima yenye chumvi kidogo bado ni nafuu kuliko kuiacha na maji ya bahari.

Mashine ndogo, kama farasi 15, hubebwa begani mpaka nyumbani na kutumbukizwa kwenye pipa. Kubwa inayobaki chomboni, ngoja maji yakupwe chombo kikae juu ya mchanga, kisha sogeza pipa lililokatwa chini ya mguu. Fanya hivi:

1. Jaza pipa mpaka maji yapite juu ya lile bamba pana lililo juu ya propela, na yafunike matundu ya kunyonyea maji pamoja na mahali pampu ilipo. Maji yakiwa chini ya hapo, impela inazunguka kavu na raba yake inaungua kwa muda mfupi sana.

2. Hakikisha gia iko frii. Watoto wasisogee. Fanya kazi hii mahali pa wazi, kwa sababu moshi wa mashine ni sumu.

3. Washa, iache ingurume taratibu bila kuongeza mafuta. Tazama maji yanayotoka nyuma: mashine ikojoe vizuri, mkondo usiokatika. Ikiwa haikojoi, zima mara moja.

4. Iache dakika 10 hadi 15. Wengi huzima baada ya dakika mbili wakiona maji yanatoka, na hapo hawajaosha kitu. Mashine nyingi zina themostati inayofunga njia za juu mpaka mashine ipate joto. Kabla haijafunguka, maji safi hayajafika vizuri kwenye kichwa cha silinda, na huko ndiko chumvi inakoganda zaidi. Maji ya mkojo yakianza kutoka ya vuguvugu, ndipo uanze kuhesabu.

5. Maji ya pipa yanakuwa na chumvi kadiri unavyoosha. Pipa likiwa dogo, mwaga uweke mengine kwa dakika tano za mwisho.

6. Mwishoni, kwa mashine ya kabureta, chomoa mpira wa petroli mashine ikiwa inanguruma, iache izime yenyewe. Petroli iliyobaki kwenye kabureta hukauka na kuacha ulimbo unaoziba vijitundu, na tone la maji lililomo humo huanza kula.

7. Iache wima mpaka maji yote yachuruzike. Usiilaze ikiwa bado imejaa maji. Ikilazwa huku mguu uko juu kuliko kichwa, maji yanaweza kurudi kupitia njia ya moshi mpaka ndani ya silinda.

Mwenye mpira wa maji wa bomba anaweza kutumia vile vikombe viwili vya raba vinavyobana matundu ya kunyonyea pande zote mbili za mguu. Hatua ni zile zile, ila mpira ufunguliwe maji kwanza ndipo mashine iwashwe. Baadhi ya mashine zina kichomeo cha mpira wa maji pembeni. Kwa hizo kwa kawaida unaosha mashine ikiwa imezimwa, fuata kitabu chake.

Baada ya ndani, osha nje kwa kitambaa na maji yenye sabuni laini. Fika kwenye pembe: chini ya mabano, nyuma ya skrubu za kubania, kwenye pingili za usukani. Kisha vua kava ya juu. Humo ndani usimwage maji kwa ndoo wala mpira. Kamua kitambaa chenye maji matamu, pangusa block (mwili wa injini), nyaya na viungo, acha pakauke, kisha pulizia dawa ya kuzuia kutu ya mashine za majini. Yale mafuta mepesi ya kopo ya kulegeza kutu yanafukuza maji vizuri lakini ulinzi wake ni wa siku chache, usidhani umemaliza.

Nimeona watu wakipaka oili chafu ya gari. Naomba sana muache. Inalainisha raba za nyaya na mipira, inashika mchanga na chumvi mpaka inakuwa tope, na mashine ikichemka inanuka moto. Mafuta ya taa nayo yanaacha chuma uchi mara yakishakauka.

Zinki: itafute, ipime, ibadilishe

Mashine nyingi zina zinki mbili za nje. Moja ni lile pezi dogo lililo nyuma ya propela, chini ya bamba pana, ambalo pia husaidia kusawazisha usukani. Nyingine ni kipande kilichofungwa chini ya mabano yanayoshika chombo. Mashine kubwa huwa na nyingine ndogo ndani ya njia za maji, kwenye block au kichwa cha silinda, zimefichwa chini ya vifuniko vidogo. Hizi za ndani husahauliwa mpaka siku mashine inachemka. Ukinunua mashine, muulize muuzaji akuonyeshe zote kwa kidole.

Zinki ikiwa mpya, iweke juu ya kipande cha boksi, uchore umbo lake, uandike tarehe, na utunze boksi lile pamoja na vitabu vya mashine. Kila mwezi linganisha. Ukiweza kuipima dukani kwenye mizani ya vitu vidogo, bora zaidi. Ikiliwa nusu, itoe. Usingoje iishe, kwa sababu ikibaki kidogo nguvu yake haitoshi na mguu unaanza kushiriki.

Namna ya kubadilisha:

Fungua bolti yake na uitoe. Utakuta mahali ilipokaa pana uchafu na rangi. Kwangua mpaka alumini ing'ae, kwa msasa, eneo lote ambalo zinki itagusa. Hili ndilo kosa ninalokuta mara nyingi kuliko yote: mtu kanunua zinki mpya, kaifunga juu ya rangi, na akapumzika. Rangi haipitishi umeme. Zinki isiyogusa chuma ni pambo tu.

Safisha pia tundu la bolti na bolti yenyewe. Funga zinki ikaze, isichezecheze. Kama una mita ya umeme, iweke kwenye ohm, shika ncha moja kwenye zinki na nyingine kwenye alumini tupu ya mguu. Isomeke karibu na sifuri, chini ya ohm moja. Kisha pima kati ya mguu na block ya juu. Mashine zina nyaya fupi za athi zinazounganisha mabano, mguu na block, na nyaya hizi hukatika kwa kutu. Ikikatika moja, kipande kilichotengwa kinabaki bila mlinzi, hata kama zinki ni mpya.

Usiipake zinki rangi kamwe. Mafundi wa rangi hupiga mashine nzima ipendeze, zinki nayo inafunikwa, na kuanzia siku ile haifanyi kazi. Kabla ya kupaka, izibe kwa karatasi na gundi. Usiipake grisi pia.

Zinki yenyewe inazungumza, ukiisikiliza. Ikiwa imechimbika vishimo na juu yake pana majivu meupe, inafanya kazi vizuri. Isugue kwa msasa ubanduke ule ukoko. Ikiwa miezi sita imepita na bado nzima kama ilivyotoka dukani, usifurahi: haijaunganishwa, na kinacholiwa ni mguu. Ikiwa zamani ilidumu mwaka na sasa inaisha kwa wiki chache, kuna umeme unavuja chomboni, acha kila kitu uutafute.

Sasa suala la aina. Kwa bahari, chagua zinki halisi au ya alumini maalumu ya anodi, zote zinafaa. Ya magnesiamu ni ya maji matamu tu, baharini inayeyuka haraka mno. Kinyume chake, zinki halisi ikitumika ziwani hujifunika ukoko mgumu na kulala. Kwa hiyo anayehamisha mashine kutoka Tanga kwenda Mwanza abadilishe: Ziwa Victoria na Tanganyika wanafaa magnesiamu, au alumini. Na wale wa delta ya Rufiji, ambao asubuhi wako kwenye maji ya mto na jioni wako nje kuelekea Mafia, watumie ya alumini, maana inafanya kazi kote kuwili. Usichanganye aina mbili kwenye mashine moja, kwa sababu iliyo dhaifu zaidi itamlinda mwenzake badala ya mashine.

Kitu kimoja zaidi. Kipande cha alumini kilichokatwa kwenye sufuria au fremu ya dirisha si anodi. Nimekikuta kimefungwa kwenye mashine zaidi ya mara moja. Alumini ya kawaida hujifunika ngozi yake na kukataa kuliwa, na ya anodi imechanganywa makusudi isijifunike.

Kazi za mbalamwezi

Wavuvi wa dagaa wanapumzika mwezi ukiwa mkubwa, kwa sababu taa hazivuti samaki. Siku zile ndizo za kufanya matengenezo ya kila mwezi. Nimewazoesha wateja wangu kufuata mwezi, na hawasahau kama wanavyosahau tarehe.

Grisi kwanza. Tumia grisi ya majini isiyooshwa na maji. Jaza kwenye nipo zote (vile vichuchu vya kuingizia grisi) za mabano na za usukani mpaka grisi chafu itoke na mpya ianze kuonekana. Maji chumvi yanatoka pamoja na ile chafu. Paka skrubu za kubania chombo, na zifungue kila mwezi hata kama huna haja, zisije zikaganda. Usitumie grisi nyeusi yenye grafaiti popote penye alumini, kwa sababu grafaiti nayo inakuwa mshirika wa kuila alumini kama ilivyo stenlesi, tena zaidi.

Toa propela. Safisha shafti, uone kama kuna mshipi umejizungusha nyuma yake. Mshipi wa nailoni unajikata taratibu mpaka ndani ya sili, ile raba inayozuia maji kwenye shafti, kisha maji yanaingia kwenye giaboksi. Ukiukuta, uondoe wote kwa kisu chembamba bila kukwaruza shafti. Paka shafti grisi nyembamba urefu wote, rudisha propela na pini mpya. Nimeshuhudia propela iliyokaa miaka mitatu bila kutolewa, ikabidi ikatwe vipande.

Oili ya gia: ibadilishe baada ya saa 10 za kwanza za mashine mpya, kisha kila saa 100 au kila miezi sita. Lakini kila mbalamwezi fungua skrubu ya chini kidogo tu, uone tone la kwanza. Likiwa la maji, au oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, sili imepasuka. Usiirudishe baharini hivyo, kwa sababu gia na beringi za ndani ni chuma cha kawaida na kutu lake ni la haraka. Ukijaza oili, jaza kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu, hewa itoke yote. Gasketi za skrubu hizo ziwe mpya, ni vitu vidogo vya bei ndogo vinavyozuia hasara kubwa.

Na mara moja kila mwaka, hata kama mashine haina ugonjwa, shusha mguu. Badilisha impela, safisha mirija ya maji, na zaidi ya yote fungua bolti zile kabla hazijaoana na tundu zake.

Bolti zinazotaka kufunguka tena

Kila bolti ya stenlesi inayoingia kwenye alumini itolewe, isuguliwe kwa brashi, tundu lake lisafishwe, kisha irudi ikiwa imepakwa grisi ya majini au dawa maalumu ya kuzuia nyuzi zisishikane. Angalia dawa hiyo isiwe ya shaba. Kazi hii kwa mashine mpya ni nusu siku. Ningemshauri kila tajiri aifanye wiki ile ile anayonunua mashine, kabla haijagusa maji, kwa sababu baada ya msimu mmoja bila grisi kila bolti inakuwa bahati nasibu.

Bolti ikipotea, usiweke ya chuma cheusi kutoka duka la baiskeli. Itavimba kutu na kupasua tundu. Wala usiweke ya shaba.

Ikiwa imegoma tayari, usiilazimishe kwa bomba refu kwenye spana. Mwagia mafuta ya kulegeza, lala nayo usiku mzima. Asubuhi pasha moto alumini inayoizunguka, si bolti yenyewe, kwa sababu alumini inatanuka zaidi ya chuma na kuachia nafasi. Hakikisha tanki na mpira wa petroli viko mbali. Ifungue robo mzunguko, irudishe, ifungue tena. Subira ya saa mbili ni nafuu kuliko siku ya kutoboa bolti iliyokatika.

Rangi ikipasuka

Rangi ndiyo ngozi ya mashine. Jiwe au mwamba ukikwaruza mguu, chumvi inapenya chini ya rangi na kutambaa. Utaona malengelenge, ukiyakwangua kwa ukucha, unga mweupe unamwagika. Usipake juu yake.

Kwangua rangi yote iliyolegea, na uende mbele kidogo mpaka kwenye rangi iliyoshika. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae na vishimo visibaki na weupe. Usitumie brashi ya waya wa chuma: inaacha chembe za chuma ndani ya alumini, na kila chembe inaanza kula mahali pake. Osha kwa maji matamu, kausha kabisa, kisha weka praima ya alumini saa ile ile. Alumini tupu inajifunika ngozi yake upesi, na praima iliyochelewa haishiki. Usitumie praima nyekundu ya mageti. Baada ya praima, rangi ya mashine tabaka mbili au tatu nyembamba.

Kuhusu rangi ya kuzuia viumbe vya magamba visigande: nyingi zina shaba. Zinafaa kwa tumbo la boti ya faiba au mbao, lakini zikigusa mguu wa alumini zinautafuna. Kwenye kibao cha tezi, yaani nyuma ya chombo mashine inapofungwa, acha pengo la vidole vinne kuzunguka mashine. Na mashine yenyewe, ukishafika, iinue itoke majini kabisa. Mguu usiolala majini hauoti magamba, na ule umeme wa vyuma viwili unakatika.

Umeme unaovuja

Siku hizi vyombo vingi vina betri: taa za dagaa, pampu ya ngama (sehemu ya chini chomboni maji yanapokusanyika), simu inachajiwa, mashine inawashwa kwa starta. Waya wenye umeme ukichubuka na kugusa maji ya ngama, umeme unatafuta njia kwenda baharini, na njia ya karibu ni mguu wa mashine. Hapo zinki haiwezi kusaidia kitu. Kazi ambayo chumvi ingeifanya miaka mitatu inaisha kwa siku chache.

Pima hivi. Zima kila kitu chomboni. Chomoa waya wa chanya wa betri. Weka mita kwenye ampea, ncha moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye waya ule. Inatakiwa isome sifuri. Ikisoma chochote, chomoa nyaya moja moja mpaka isome sifuri. Ule wa mwisho uliochomoa ndio mwizi. Mara nyingi ni waya wa pampu ya ngama uliounganishwa kwa kusokotwa na utepe. Viungo vyote viwe juu ya maji ya ngama, vimebanwa na kuzibwa. Weka swichi ya kukata betri, ukishuka chomboni uikate.

Mashine ikizama

Chombo kikipinduka na mashine ikaenda chini, saa chache za kwanza zinaamua. Ukiitoa majini na kuiacha juani mpaka fundi apatikane kesho, umeipoteza: hewa na chumvi pamoja vinaila beringi na krenki kwa kasi. Kama huwezi kuihudumia mara moja, itumbukize yote kwenye pipa la maji matamu, ibaki humo mpaka utakapoweza. Watu hunishangaa nikisema hivyo, lakini ndani ya maji matamu, bila hewa, kutu linakwenda polepole.

Ukiwa tayari: osha nje yote kwa maji matamu mengi. Toa plagi, geuza mashine matundu ya plagi yaelekee chini, vuta kamba taratibu maji yatoke. Ikikataa kuzunguka, acha, usiilazimishe. Huenda ilizama ikiwa inanguruma na konrodi zimepinda. Ikizunguka, fungua kabureta uisafishe, mwaga petroli yote ya tanki na mipira. Mimina oili ya mashine kidogo kwenye kila silinda na kwenye mdomo wa kabureta, vuta tena mara kadhaa. Kwa mashine ya mipigo minne, mwaga oili ya injini yote na ujaze mpya. Kausha plagi na viungo vya umeme, rudisha, washa kwenye pipa. Ikiwaka, iache ingurume angalau nusu saa, joto limalize unyevu. Isipowaka siku ile, ijaze oili kwenye silinda umwite fundi usiku huo huo.

Kuihifadhi msimu wa kusi

Wengi huiweka mashine stoo pepo za kusi zikivuma kwa nguvu. Ioshe kwa pipa kama nilivyoeleza, na kabla haijazima, nyunyiza oili kidogo kidogo kwenye mdomo wa kabureta mpaka itoe moshi mzito na kufa. Toa plagi, weka kijiko cha oili kwenye kila silinda, vuta kamba mara chache, rudisha plagi. Badilisha oili ya gia kabla ya kuhifadhi, maana maji yaliyomo humo yana miezi mitatu ya kufanya kazi bila kukatizwa.

Isimamishe wima kwenye ubao, mahali penye hewa. Usiifunge nailoni ikabana. Unyevu ukinaswa ndani, mashine inatoka jasho kila alfajiri. Shuka ya pamba inatosha kuzuia vumbi. Isiwekwe chumba kimoja na magunia ya chumvi wala dagaa waliokaushwa.

Kila mwezi vuta kamba taratibu mara mbili tatu. Siku ya kuirudisha baharini, toa plagi uimwage ile oili, weka plagi mpya, jaribu kwenye pipa uone inakojoa, kisha leta lile boksi lenye umbo la zinki na uilinganishe kabla ya kushusha chombo.